Nyongo nayo hutuma ujumbe

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba asidi za nyongo ni kama sabuni: zinayavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo, basi. Si uongo. Ila mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba ndani ya seli kuna kipokezi kinachozitambua, FXR, na tangu hapo sisi tunaotibu ini tukaanza kuzihesabu pamoja na homoni.

Ini huzitengeneza kwa kolesteroli. Zikishafanya kazi yake utumboni, karibu asilimia 95 hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini, mara kadhaa kwa siku. Hapo mwishoni ndipo penye uhondo. Zikipenya kwenye seli za utumbo huiamsha FXR, nayo seli hutoa homoni iitwayo FGF19. Homoni hiyo husafiri na damu hadi kwenye ini na kukipunguza kasi kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa asidi mpya. Yaani utumbo unaliambia ini: zilizopo zinatosha.

Sasa chukua mtu aliyekatwa kipande hicho cha utumbo. Ujumbe hautumwi, ini linazidi kutengeneza, na asidi zisizofyonzwa zinamwagikia utumbo mpana na kuuchokoza. Anaharisha maji kila akila, na mara nyingi lawama humwangukia mpishi. Kumbe dawa ya unga inayozinasa asidi hizo, kolestiramini, huweza kumtuliza.

Kipokezi cha pili ni TGR5, kilicho juu ya seli. Kikiamshwa kwenye utumbo, seli hutoa GLP-1, homoni inayosukuma kongosho litoe insulini. Kwenye mfuko wa nyongo hulegeza ukuta ili ujae upya. Asidi zinazokiamsha kwa nguvu zaidi si zile zilizotoka kwenye ini, bali zilizogeuzwa na bakteria wa utumbo. Nakiri bado jambo hili hunishangaza: barua inaandikwa na ini, bakteria wanaihariri njiani.

Wenye viwanda vya dawa nao hawakulala. Asidi ya obetikoliki, iliyoundwa kuiamsha FXR, ilipata kibali Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa unaoharibu mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. Vipimo vya damu viliboreka, lakini wagonjwa wengi walijikuna mpaka usingizi ukawapaa, na mwaka 2021 ikapigwa marufuku kwa wenye sirosisi, yaani makovu ya ini, iliyokomaa, kwa sababu baadhi yao ini lilizidi kushindwa.