Je, wajua kwa nini dawa ya sumu ya nyoka hutoka kwenye damu ya farasi?

Mtu akiumwa na nyoka mwenye sumu kali, dawa atakayodungwa hospitalini mara nyingi imetoka mwilini mwa farasi. Farasi anahusikaje na nyoka?

Kisa kinaanzia kwa dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto: utando mzito hutanda kooni mpaka pumzi ikakosa njia. Mwaka 1888, jijini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin walionyesha kuwa bakteria wa dondakoo huua kwa sumu wanayoitoa. Mwaka 1890, jijini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato wakagundua jambo ambalo hadi leo linanishangaza: mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo hujenga kinga ndani ya damu yake, na ukichukua maji ya damu hiyo ukamdunga mnyama mwingine, naye anakingika. Kinachohama ni kingamwili, protini zinazoing'ang'ania sumu hadi ikose nguvu.

Wanyama wadogo hawakutosha kwa kazi hiyo. Farasi mkubwa ana damu ya lita 40 hivi, huzoea watu, na akitolewa lita kadhaa hupata nafuu upesi. Mwaka 1894 Roux alitumia dawa ya farasi kwa watoto wa Paris, na vifo vya dondakoo hospitalini vikapungua kwa karibu nusu. Miaka hiyohiyo Albert Calmette akafuata njia ileile kwa sumu ya nyoka.

Lakini damu hubeba mazuri na mabaya pamoja. Mwaka 1901, huko St. Louis, Marekani, farasi mmoja aliyeitwa Jim alipata pepopunda. Damu iliyokuwa imetolewa kwake wakati sumu ya ugonjwa imeshaingia ilitengenezewa dawa ya dondakoo, ikatumika bila kupimwa. Watoto 13 walikufa kwa pepopunda. Walipelekwa kutibiwa wapone, wakauawa na tiba yenyewe! Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kuwataka watengenezaji wa dawa za aina hii wawe na leseni na wakaguliwe. Kila chupa inayopimwa leo kabla ya kutumika ina deni kwa watoto wale.

Kinga ya kuazima, hata hivyo, haidumu. Baada ya wiki chache huisha. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 Gaston Ramon aliidhoofisha sumu ya dondakoo kwa kemikali iitwayo fomalini na joto, ili mwili wa mtu wenyewe ujifunze kutengeneza kingamwili zake. Hiyo ndiyo chanjo wanayopewa watoto hadi sasa.

Kwa aliyeumwa na nyoka, muda wa mwili kujifunza haupo. Sumu imeshaingia, na inahitajika kinga iliyo tayari. Ndiyo maana farasi bado wanadungwa sumu ya nyoka kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa taratibu, na baadhi ya maabara huwarudishia chembe nyekundu za damu baada ya kuchukua maji yake.