Simu haipimi presha kwa tochi

Wiki iliyopita, kwenye kliniki yetu ya kisukari hapa Kigoma, saa nne asubuhi ilinikuta nimeshaonyeshwa simu tatu zenye programu inayodai kupima presha. Ya tatu ilikuwa ya mzee wa Kibirizi, mvuvi aliyeacha ziwa, sukari anayo mwaka wa tisa. Alifunika kamera na tochi kwa kidole, kidole kikawaka chekundu kama kaa la moto, simu ikaandika 118/76. "Umeona mwanangu? Ndiyo maana vidonge vya presha nimevipumzisha." Nikamfunga mkononi mkanda wa mashine ya presha: 172/98. Nikamwacha akae kimya dakika tano, nikarudia: 168/96. Kisha nikamwomba simu yake, nikailaza juu ya shuka la kitanda cha kupimia, tochi ikiwaka. Ikazunguka kidogo, ikaandika 121/79. Shuka lina presha nzuri kuliko mzee!

Jamani, kamera inaona rangi ya ngozi ikibadilika kila damu inapopita. Kwa hiyo mapigo ya moyo inaweza kuyahesabu, na hilo silipingi. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa. Mkanda unajaa upepo, unaubana mshipa mpaka damu isimame, halafu unaachia taratibu, na mashine inanasa pale damu inapoanza kupenya na pale inapopita bila kizuizi. Kidole chako juu ya kamera kimebanwa na nini?

Marekani walishaumwa na nyoka huyuhuyu. Kulikuwa na programu ya simu ya kupima presha iliyouzwa sana mwaka 2014 na 2015. Watafiti walipoilinganisha na mashine za kweli, matokeo yakatoka 2016: katika kila watu 10 wenye presha ya juu, karibu 8 waliambiwa hawana. Mtu wa namna hiyo anaacha dawa huku anashukuru.

Na mwenye kisukari ndiye wa mwisho anayepaswa kubahatisha. Wengi mnaniambia, "Sukari yangu imekaa sawa, presha ya nini tena?" Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulifuata watu 1,148 wenye kisukari cha aina ya pili na presha. Waliobanwa presha vizuri zaidi walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Hiyo ni kazi ya presha, wala si ya sukari. Kwa wengi wenu tunalenga chini ya 130/80, na kipimo cha sukari hakiwezi kukuonyesha namba hiyo.

Basi nunueni mashine ya mkanda wa mkono wa juu, hata mkichanga ndugu watatu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, si juu ya sweta wala khanga. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Simu sasa ndiyo ifanye kazi yake: piga picha kioo cha mashine, au andika namba kwenye meseji umtumie yule mtoto wa Dar anayekutumia hela ya dawa. Siku ya kliniki njoo nazo zote, hata zile mbaya. Hasa zile mbaya.

Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi ni ndugu wa programu ile ya tochi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasizitumie. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Usijichome insulini kwa namba ya pete.

"Mimi nina kitochi tu, hayo ni ya wenye simu janja." Si kweli. Sydney, Australia, wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likatumiwa meseji za kawaida, nne kwa wiki kwa miezi sita. Namba ya juu ya presha yao ikawa chini ya ile ya wenzao kwa karibu 8, kwa wastani. Kitochi kina meseji, na kina alamu: itegeshe saa ya dawa, na usiizime kabla kidonge hakijafika mdomoni.

Programu za kuhesabu chakula siziamini sana. Nyingi zimetengenezwa mbali, hazijui ugali wa muhogo wala mgebuka uliokaangwa kwa mawese. Mafuta ya mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli, kwa hiyo pima kwa kijiko, si kwa kumimina.

Mwisho kuna wanaosema, "Kifua kikiniuma nitapiga simu." Kisukari cha miaka mingi huweza kuua neva, yaani mishipa ya fahamu, na shambulio la moyo linaweza kuja bila kifua kuuma kabisa: jasho la ghafla, pumzi kukata, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Ukiona hayo, piga hapohapo. Namba ya kituo chako na ya bodaboda anayepokea simu usiku wa manane ziwe za kwanza kwenye orodha, na mkeo azijue kwa kichwa.