Farchia za Fara Filiorum Petri: kazi yote iko kwenye vifungo

Kila tarehe 16 Januari, jua linapokaribia kuzama, nguzo za matete zenye urefu wa mita nane mpaka kumi huwashwa moto karibu na kanisa la Mtakatifu Antoni Abate, nje kidogo ya Fara Filiorum Petri. Huu ni mji mdogo wa vilimani, chini ya mlima Maiella, katika mkoa wa Abruzzo nchini Italia. Nguzo hizo huitwa farchia, nawe lisome "farkia". Picha zinazosambaa mtandaoni huonyesha miali ya moto peke yake, na ndiyo maana wengi hudhani sikukuu yenyewe ni moto. Moto ni sehemu rahisi. Ugumu uko katika siku zilizotangulia, pale watu wa kila kitongoji wanapokusanyika uani kwa mmoja wao kufunga matete mpaka yawe kitu kimoja.

Kwanza tumjue mtakatifu mwenyewe, kwa sababu Wakatoliki wengi wa kwetu wakisikia "Mtakatifu Antoni" humfikiria yule wa Padua, wa tarehe 13 Juni. Huyu ni mwingine, na ni Mwafrika: Antoni wa Misri, baba wa wamonaki, aliyeishi jangwani na kufariki mwaka 356. Sikukuu yake ni 17 Januari, kwa hiyo usiku wa farchia ni mkesha wake. Wachoraji humweka nguruwe miguuni, kengele mkononi na fimbo yenye umbo la herufi T. Nguruwe alitokana na shirika la watawa lililoanzia Ufaransa mwishoni mwa karne ya 11, likiwauguza watu waliokula mkate wa nafaka yenye kuvu ya sumu. Viungo vyao viliwaka kama vimechomwa, na watawa walivipaka mafuta ya nguruwe. Ugonjwa ule ukaitwa "moto wa Mtakatifu Antoni", na mpaka leo Mwitaliano akiugua mkanda wa jeshi hulitumia jina hilohilo. Ndiyo maana katika mikesha ya mtakatifu huyu sehemu nyingi za Italia huwasha moto, na mifugo hupelekwa kubarikiwa siku ya pili.

Fara ina sababu yake ya ziada. Masimulizi ya mji yanasema kwamba mwaka 1799, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiusogelea, Mtakatifu Antoni aliigeuza mialoni ya msitu uliokuwa karibu na kanisa ikawa miali mikubwa, na askari wakarudi nyuma. Farchia ndiyo ile mialoni inayowaka. Usilipite simulizi hilo haraka, maana hofu yake ilikuwa na msingi: Februari ya mwaka huohuo Wafaransa waliushambulia na kuupora mji jirani wa Guardiagrele.

Sasa tuingie kazini. Tete linalotumika ni lile kubwa linaloota kandokando ya mito na mitaro, lenye pingili na uwazi ndani, unene wa sentimita mbili hadi tatu na urefu wa mita nne, tano au zaidi. Hukatwa wakati wa baridi, likavuliwa majani na kuachwa likauke. Tete bichi lina madhara mawili. La kwanza ni uzito. La pili ni kwamba maji yaliyomo hugeuka mvuke ndani ya pingili iliyozibwa pande zote, na pingili hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vyenye moto. Hata tete kavu hulia kidogo, na watu huupenda mlio huo, lakini bichi ni hatari kwa waliosimama karibu.

Kiasi gani kinahitajika? Chukua farchia ya kipenyo cha sentimita 80 na urefu wa mita tisa. Ukiikata katikati, matete ya sentimita mbili na nusu yatakayoenea kwenye duara hilo ni kama 800. Kwa kuwa tete moja halifiki juu, hesabu mara mbili: matete 1,600, na yakiwa membamba yatazidi hapo. Ujazo wake ni mita za ujazo nne na nusu. Ukikadiria kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya ujazo, unapata mzigo wa kilo 700 hadi 900. Kwa hiyo mtu akikuambia wameibeba mabegani, ujue anazungumzia watu wengi.

Matete hulazwa chini na fungu hujengwa likiwa limelala. Hapa ndipo wageni wa kazi hukosea: huunga matete yote mahali pamoja, nusu ya chini na nusu ya juu, kisha hushangaa farchia inapokunjika katikati kama goti. Viungo lazima vipishane. Tete moja liishie hapa, jirani yake liendelee mita moja mbele, la tatu nusu mita nyuma, ili pasiwe na sehemu yenye viungo vingi kuliko nyingine. Pia ncha nene na ncha nyembamba zipangwe kwa hesabu: unene wa chini uelekezwe kwenye kitako, la sivyo nguzo inakuwa nzito kichwani.

Kifungo ni fito za mwerebi mwekundu. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka mierebi ya vijitoni katika Walawi 23:40, na hii ni jamii yake. Machipukizi marefu hukatwa yangali mabichi. Duara la sentimita 80 lina mzingo wa mita mbili na nusu, kwa hiyo ufito unahitaji karibu mita tatu ili ubaki na mkia wa kusokotea. Usipoupata wa urefu huo, unganisha miwili. Siri ya mwerebi ni kuusokota kwanza mpaka nyuzi zake ziachane, ndipo uukunje. Ukiukunja bila kuusokota, utakatika palepale kwenye kona. Fungu hubanwa kwa nguvu, pete ya ufito uliolizunguka huvutwa, mkia husokotwa na kuchomekwa chini ya pete yenyewe.

Shida kubwa kuliko zote huja kimyakimya, siku mbili tatu baadaye. Matete yanaendelea kukauka na kunywea, huku pete ikibaki na ukubwa wake. Unaweza kuingiza vidole mahali ambapo juzi hata kisu hakikupita. Dawa ni kugongomea matete zaidi ndani ya fungu kwa nyundo ya mbao, pete kwa pete, hadi ligome. Kwa maoni yangu, anayetaka kupima ustadi wa kitongoji asitazame urefu wa farchia yao. Aipige kwa kiganja. Iliyobanwa vizuri hutoa sauti moja nzito, na iliyolegea huchakacha.

Mchana wa tarehe 16 farchia husafirishwa hadi kanisani, nyingine kwa trekta, nyingine kwa nguvu za watu, zikisindikizwa na kodiani ndogo ambayo Waabruzzo huiita ddu botte, na nyimbo za Mtakatifu Antoni. Kusimamisha hufanywa kwa kamba na ngazi. Kitako huzuiwa kisiteleze, kamba huvutwa kutoka pande zaidi ya moja, na ngazi husogezwa chini ya nguzo kila inapopanda. Dakika ngumu ni za mwanzo, kwa kuwa nguzo iliyolala hutegemea kitako na wanyanyuaji tu, na uzito wa katikati unataka kuikunja. Ikishapita nusu ya safari inakuwa nyepesi, na hapo hatari hugeuka: wavutaji wakizidisha nguvu, itapitiliza na kuangukia upande wao. Kwa hiyo lazima wawepo wa kamba ya nyuma, wasiovuta, kazi yao kuzuia tu. Na mwenye kutoa amri awe mmoja.

Moto huanzia juu, pamoja na fataki, na farchia huungua ikishuka kama mshumaa. Fungu lililobanwa huungua polepole kwa sababu hewa haipenyi katikati. Lililolegea huvuta hewa kama bomba la moshi, likawaka urefu wote kwa mara moja na pete zikakatika kabla ya wakati. Mvua ya siku hiyo haiharibu sana, kwani hulowesha ngozi ya nje tu. Upepo ndio wa kuogopwa.

Anayekwenda afike mapema alasiri, kwani Januari jua huzama huko kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na kusimamishwa kwa farchia kunastahili kuonwa kuliko kuwashwa kwake. Asimame upande unaotoka upepo, avae sufu na si nailoni, maana cheche moja hutoboa koti la nailoni papo hapo.

Kipande kisichoungua hurudishwa kitongojini, ambako chakula na divai huendelea hadi usiku. Kipande hicho kisiingizwe ghalani kwa kuwa tu kimeacha kutoa moshi. Kaa la moto hujificha ndani ya uwazi wa matete kwa saa nyingi, na maji yakimwagwa ubavuni huteleza tu. Yamwagwe kwenye ncha iliyoungua, yaingie ndani ya mirija, na kipande kilale nje hadi asubuhi.