Kabla hujasema taimingi imekufa, badilisha sindano

Karibu kila anayeniita kwenye cherehani ya kiwandani aliyoinunua mtumba huanza na maneno yaleyale: "Fundi, inaruka, taimingi imekufa." Anamaanisha inaruka mishono kwa kuwa sindano na ndoana ya chini inayonasa uzi hazikutani tena kwa wakati. Hajavua bamba la chini ya sindano wala hajabadilisha sindano, lakini hukumu ameshatoa. Wengine wanakuwa wameshalegeza skrubu mbili tatu kabla sijafika, na hapo ndipo tatizo la dakika tano linapogeuka kazi ya siku nzima.

"Inaruka mishono, kwa hiyo taimingi imehama"

Mara nyingi si kweli. Kwenye mashine za sindano moja aina ya Juki DDL-8700 na zile nyingi za Kichina zinazofuata umbo lake, ndoana ya chini imebanwa kwenye mhimili kwa skrubu tatu. Skrubu hizo hazijilegezi zenyewe usiku. Taimingi huhama sindano ikigonga zipu ya chuma kwa kasi, uzi ukijisokota chini kisha mtu akalazimisha gurudumu, au fundi aliyetangulia akiwa hakukaza. Kama jana ilishona vizuri na leo inaruka bila kugonga kitu, anza na sindano.

Tena anza nayo kwa makini. Waliozoea Butterfly ya miguu wanajua sindano yenye shina bapa upande mmoja; ile hata ukitaka kuikosea, bapa linakukatalia. Sindano ya DB×1 ya kiwandani ina shina la mviringo, kwa hiyo inaingia vyovyote utakavyoigeuza. Haikuonyi. Mfereji mrefu unatakiwa utazame kushoto kabisa, kibonyeo kilicho juu ya tundu kitazame kulia iliko ndoana, na uzi upite kutoka kushoto kwenda kulia. Kibonyeo kikielekea kwa mshonaji hata kidogo, kitanzi cha uzi hakitulii, hasa ukishonea poliesta inayoteleza. Ndoana inapita, hainasi kitu, mshono unarukwa. Sukuma sindano juu mpaka igote ndipo ukaze. Isipogota inakaa chini kuliko inavyotakiwa, na hapo utaona dalili zote za taimingi mbovu kwenye mashine nzima kabisa.

Soma pakiti pia. DA×1 si DB×1. Urefu wake ni tofauti, ndiyo maana fimbo inayoshika sindano kwenye mashine hizi huwa na mistari ya kila moja. Namba nayo iendane na kazi: 11 au 14 kwa kanga na kitenge, 16 au 18 kwa jinzi. Uzi mnene kwenye sindano nyembamba haulali ndani ya mfereji, unasuguana na kitambaa na kitanzi kinapotea. Na sindano iliyopinda huwezi kuigundua kwa kuitazama ikiwa imefungwa. Itoe, iviringishe juu ya kioo uone kama ncha inayumba, kisha pitisha kucha kwenye ncha. Ikikwaruza, itupe. Pakiti nzima ya sindano haifiki hata nauli ya kumleta fundi, nami sielewi kwa nini watu wanaionea uchungu kiasi hiki.

Sindano mpya imewekwa sawasawa na bado inaruka? Tazama bamba na meno yanayosukuma kitambaa. Cherehani nyingi za mtumba zimetoka kwenye viwanda vilivyokuwa vikishona kitambaa kizito, zikaja na bamba lenye tundu kubwa na meno makubwa. Ukiweka kitambaa chepesi juu yake, kinazama tunduni na kuinuka tena pamoja na sindano, kitanzi hakipati nafasi ya kujiunda. Dawa ni bamba la tundu dogo na meno yanayolingana nalo. Ndiyo maana siku zote nasisitiza: kabla ya kununua, muulize muuzaji ilikuwa ikishona nini.

Ukimaliza yote hayo, sasa tuzungumze taimingi. Vua bamba, zungusha gurudumu kwa mkono na utazame. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, kama milimita 2, ncha ya ndoana inatakiwa iwe katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu. Nafasi kati yao iwe milimita 0.04 hadi 0.1. Pima kwanza kimo cha fimbo ya sindano kwa ile mistari iliyochongwa, halafu ndiyo uguse ndoana. Wanaoanza na ndoana huku fimbo imepanda wanazunguka hapohapo hadi jioni. Na gusa ncha yenyewe kwa kucha: ikiwa imepata kibanzi kwa kugongwa, utaseti taimingi vizuri na uzi utaendelea kukatika.

"Uzi umejaa chini ya kitambaa, bobini ni mbovu"

Kinyume chake. Nyuzi zikijisokota chini, uzi wa juu haujabanwa. Umepita nje ya visahani vya mkazo, au ulitungwa mguu ukiwa chini. Tunga upya mguu ukiwa juu. Bobini ipime kwa kuning'iniza kikopo chake kwa uzi: kiteremke taratibu kila ukikitikisa, kisianguke chenyewe.

"Oili ni oili"

Oili ya injini ya gari ni nzito mno kwa pampu na tambi zinazosambaza oili kwenye cherehani inayoweza kufika mishono 5,500 kwa dakika, na inatia doa. Ya kupikia inaganda kama gundi. Kuisafisha ni kufungua karibu kila kitu. Weka oili nyeupe ya cherehani, kiwango kikae kati ya alama mbili za kwenye sinia la oili chini ya mashine, na uone ikirukaruka kwenye kioo cha juu mashine ikitembea. Hairuki? Zima. Mashine iliyolala muda mrefu stoo iendeshwe polepole kwanza.

"Mota ya sevo haina nguvu"

Kwa kitenge, sare za shule na hata suruali za jinzi, inatosha. Mota ya klachi inazunguka na kula umeme hata ukiwa unapanga kitambaa. Sevo inazunguka ukikanyaga tu, na kasi unaipunguza mwenyewe. Kwa anayejifunza sina pendekezo jingine.

Ila soma kibati cha mota kabla ya kulipa. Za Japani huja za volti 100, au za volti 200 za fezi tatu. Ukiichomeka ya volti 100 kwenye umeme wetu wa 230, umeiunguza. Na kwenye fezi tatu, waya mbili zikibadilishana mota inageuka kinyume. Gurudumu lazima lije upande wako. Likienda kinyume mshono haufungi na oili haipandi, na mtu ataniita kuniambia taimingi imekufa.