Madini ya Chembe: Kidogo Kinachojenga na Kidogo Kinachodhuru

Swali: Kwa nini baadhi ya madini mwilini huitwa madini ya chembe?

Tunaposema kwamba mtu hana chembe ya huruma, tunamaanisha kuwa hana huruma kabisa, na mazoea hayo hutufanya tuidharau chembe. Katika lishe, chembe ni kipimo halisi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto, yaani ayodini, kwa siku, na gramu moja ina mikrogramu 1,000,000. Kwa hiyo mahitaji yake ya miaka 70 hayafiki hata gramu 4.

Swali: Mtu akiyakosa madini joto, hupatwa na nini?

Tezi ya shingoni, ambayo hutumia ayodini kutengeneza homoni zake, huvimba ikijitahidi kunasa kila chembe iliyomo katika damu, na uvimbe huo ndio rovu. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isiyoonekana: mama mjamzito, ambaye huhitaji mikrogramu 250 kwa siku, akipungukiwa mno, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui ipasavyo, na dosari hiyo haiponi kwa dawa baadaye. Wakazi wa milimani wamo hatarini zaidi, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimeiosha ayodini kutoka udongoni na kuipeleka baharini.

Swali: Je, niongeze chumvi?

Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Nunua yenye madini joto, uihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.

Swali: Maji ya kwetu Arumeru yana madini mengi ya floridi. Nikiyachemsha, yatakuwa salama?

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hubaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia maji floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika hilo, na ndiyo maana watoto wengi huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, na wengine hupinda miguu. Kichujio cha mkaa wa mifupa hupunguza floridi, mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Magadi nayo huweza kuwa na floridi nyingi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi.