Kejeli ya kuvaa mdomo wa adui: maana yake ukisikiliza upya albamu za mwanzo za Dead Kennedys

Kuna kejeli ya aina moja ambayo anayekejeli hamsemi adui yake kwa nje, anaingia ndani yake kabisa, anaongea kwa "mimi" na "sisi" kama vile ndo yeye, halafu anampeleka hatua mbili mbele kuliko pale mwenyewe angethubutu kufika. Ni kama yule jamaa wa kijiweni anayemuigiza mjumbe wa nyumba kumi, hamtukani hata kidogo, anaahidi tu yaleyale kwa sauti ileile mpaka watu mbavu hawana. Kwenye muziki wa panki (sio panki ya kunyoa, nasema ule wa magitaa ya kelele na dramu za mbio) mi sijaona walioiweza hii kama Dead Kennedys wa San Francisco, bendi iliyoanza 1978, na kazi zao za mpaka 1982 zinaionesha hii dhana yote, inavyofanya kazi na inavyochemka.

Chukua wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza, Fresh Fruit for Rotting Vegetables ya 1980, unaitwa Kill the Poor, yaani ua maskini. Unaanza polepole, kwa mbwembwe, kama wimbo wa taifa unaopigwa watu wasimame, halafu ghafla spidi inapanda na mwimbaji, Jello Biafra, anaanza kushangilia bomu la nyutroni. Miaka ile hilo bomu lilikuwa habari ya mjini kweli, Rais Carter aliahirisha kulitengeneza 1978, na sifa yake iliyowatisha watu ni kwamba mionzi yake inaua binadamu ila majengo mengi yanabaki. Sasa anayeongea kwenye wimbo ni mtu wa serikali au tajiri fulani hivi mwenye furaha: jamani tumepata dawa, vitongoji vibovu vitakuwa vyeupe, ajira sio tatizo tena maana wasio na kazi hawapo, kodi ya kuwasaidia maskini hakuna, nyumba zipo salama, tucheze! Hakuna mahali popote anasema "hii ni mbaya". Hilo ndo la kushika. Ubaya unauona wewe mwenyewe msikilizaji, na unauona kwa sababu hesabu ya yule bwana imenyooka kabisa, ukikubali kwamba maskini ni gharama basi mengine yote yanafuata yenyewe.

Kwahiyo tofauti na wimbo wa kupinga wa kawaida ni hiyo. Wimbo wa kupinga unakwambia nani mbaya na wewe unaitikia. Huu unakupa mbaya akiwa anajisifu, na korasi yake ni tamu kiasi kwamba unajikuta unaimba nae, kisha unashtuka hivi nimeimba nini hapa.

California Über Alles (Über Alles ni Kijerumani, "juu ya vyote"), singo yao ya kwanza ya 1979, inafanya kitu hichohicho ila kwa mtu halisi, gavana wa California wakati huo Jerry Brown, na inaanza kwa kujitambulisha kwa jina lake. Brown hakuwa mkali wa mabavu, alikuwa mpole wa mambo ya kutafakari na mazingira, na ndo maana wimbo unachekesha, wamemgeuza dikteta wa mahipi, watoto shuleni wanalazimishwa kutafakari, polisi wa siri wanavaa denim, na hata gesi ya sumu ni ya kiasilia isiyo na kemikali. Kama ulikuwa utabiri, haukutimia hata chembe, aliyepanda kwenda Ikulu ni gavana mwingine wa zamani wa California, Ronald Reagan, na wenyewe wakaona, kwahiyo 1981 wakaurudia kwa jina We've Got a Bigger Problem Now, sehemu kubwa wameupiga kama jazi ya baa ya hoteli, na safari hii anayejitambulisha ni Reagan. Mi naona hapo ndo utaona nguvu ya hii mbinu, vazi ni lilelile, wanabadilisha tu aliyevaa.

Na jamaa hakuishia studio. Mwaka huohuo 1979 Biafra aligombea umeya wa San Francisco, na moja ya sera zake ilikuwa wafanyabiashara wote wavae nguo za vichekesho wakiwa mjini. Watu wanakumbuka hiyo tu, ila alikuwa pia na sera kwamba polisi wapigiwe kura na wakazi wa mitaa wanayolinda, na hiyo haikuwa utani, kwa mji ule ilikuwa kidonda kibichi. Novemba 1978 Dan White, aliyewahi kuwa polisi na baadae diwani, alimuua meya George Moscone na diwani Harvey Milk, na Mei 1979 mahakama ikamtia hatiani kwa kosa dogo kuliko mauaji ya kukusudia, mji ukawaka moto. Zile gari zinazoungua kwenye kava la Fresh Fruit ni gari za polisi za usiku ule. Biafra alipata kura zaidi ya asilimia 3, sio haba kwa mtu anayejiita Jello.

Sasa inavyochemka. Ukivaa mdomo wa adui, kuna watakaodhani ndo mdomo wako, na wabaya zaidi ni wale watakaopenda. Kwenye shoo za panki walikuwa wanakuja vijana wa kihuni wenye alama za kinazi, wanapiga watu, na hao huwezi kuwapigia kejeli ya ndanindani. 1981 bendi ikatoa wimbo wa dakika moja tu unaowaambia mapanki wa kinazi watokomee, kwa tusi, bila fumbo lolote, na singo yake ikaja na kitambaa cha kufunga mkononi chenye swastika iliyokatwa. Upo pia kwenye In God We Trust, Inc., EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya mwaka huohuo, kava lake lina Yesu amesulubiwa kwenye msalaba wa noti za dola, na anayepiga dramu humo ni D.H. Peligro, mtu mweusi, aliyekuwa ndo kaingia bendi. Yaani mabingwa wenyewe wa kejeli ilipofika suala la usalama wa watu ukumbini waliiweka pembeni wakasema wazi.

Kuna kitu kingine ambacho wazungu wakiandika kuhusu hii bendi wanakipita haraka, na sisi huku hatuwezi. Hilo jina Jello Biafra ni chapa ya jeli ya Kimarekani imebandikwa pembeni ya njaa ya vita ya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria 1967, shibe na kifo vimegongana. Tanzania ndo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968, Nyerere alilipia kisiasa uamuzi ule, kwahiyo kwetu sio jina la mbali. Halafu Plastic Surgery Disasters ya 1982, mbele wameweka picha ya Mike Wells aliyoipiga Karamoja, Uganda, 1980, mkono wa mtoto uliokauka umelala kwenye kiganja kilichonona cha mmisionari mzungu. Picha ile ilishinda tuzo ya World Press Photo, na Wells mwenyewe aliona aibu, hakuipeleka yeye kwenye mashindano, waliipeleka gazeti lililokaa nayo miezi mitano bila kuichapa.

Jina nalielewa, linamcheka Mmarekani aliyeshiba. Picha hapana, mi bado haijanikaa. Kejeli hii inahitaji mtu anayeongea ambae tunamcheka, na pale hakuna anaeongea, kuna mtoto tu, hajaulizwa kitu. Watetezi wanasema kinachosutwa ni kile kiganja kikubwa, na nyimbo za ndani zinawasema kweli Wamarekani wa maisha mazuri, lakini mtoto wa Karamoja kafanywa kifaa cha kumshtua mnunuzi wa Kimarekani, kazi ileile ambayo matangazo ya misaada yamemfanyisha miaka yote.

Linganisha na Holiday in Cambodia, singo ya 1980 iliyomo pia kwenye Fresh Fruit. Pale nako wanatumia mateso ya watu wa mbali, mashamba ya kazi za lazima ya Pol Pot, dikteta wa Cambodia, ila anayesutwa yupo katikati kabisa ya wimbo, mwanafunzi wa chuo anayejitapa kwamba anawajua watu weusi na shida zao, wanamwambia haya nenda basi ukaishi huko. Tafuta toleo la singo, na usikilize besi ya Klaus Flouride.