Nusu ya Maine haina halmashauri: uvumi na ukweli

Aliyezoea kila kipande cha nchi kuwa na mwenyekiti wa kijiji atashangaa akitazama ramani ya jimbo la Maine, Marekani. Zaidi kidogo ya nusu ya jimbo haimo ndani ya mji wowote. Hakuna meya, hakuna baraza. Wakazi wa kudumu ni kama 9,000 tu.

“Huko kila mtu hujijengea atakavyo.” Sivyo. Tangu 1971 tume ya jimbo ndiyo inayosimamia matumizi ya ardhi, na anayetaka kujenga nyumba kando ya ziwa huomba kibali kwake. Elimu ya watoto iko chini ya wizara ya jimbo. Wengi husomea miji ya jirani. Kaunti huondoa theluji barabarani na kuzoa taka. Serikali ipo, ila iko mbali, na mimi naona hilo ndilo la kulalamikiwa: diwani wa kumgongea mlango hayupo.

“Hawalipi kodi.” Wanalipa, na bili hutoka moja kwa moja kwa idara ya mapato ya jimbo. Kweli, mara nyingi ni nafuu kuliko mjini, ndiyo maana baadhi ya miji midogo imeomba kuvunjwa, yaani halmashauri zake zifutwe. Madrid ya Maine (si ile ya Hispania!) ilivunjwa mwaka 2000. Si jambo la siku moja: bunge la jimbo liridhie kwanza, kisha theluthi mbili ya wapiga kura wakubali.

“Ni pori la umma.” Sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi na kampuni za mbao, kaskazini utakuta mageti ya kulipia kiingilio. Hifadhi ya Baxter, yenye mlima Katahdin, ni ya umma kwa sababu gavana mstaafu Percival Baxter aliinunua kwa fedha zake, kipande kwa kipande, akaitoa.

“Halikuwa na wenyewe.” Hili ndilo kosa kubwa zaidi. Wapimaji walikata misitu hiyo miraba na kuipa namba kama T3 R9 (mji wa 3, safu ya 9), wakitarajia miji ambayo haikuja, lakini Wapenobscot na Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa Maine, walikuwapo zamani. Sheria ya 1980 iliyomaliza madai yao ilitoa dola milioni 81.5, na kati ya hizo milioni 54.5 zilitengwa kununulia ardhi.